Nicodemus, Kansas

Nicodemus ni kijiji cha wakulima katika jimbo la Kansas, Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1877 na Waamerika Weusi, wengi wao watumwa wa zamani kutoka Kentucky. Nyanda za huko hazikuwa na miti ya kutosha kujengea, hivyo walichimba makao ardhini. Willianna Hickman, aliyefika mwaka 1878, alioneshwa moshi ukifuka kutoka chini akaambiwa kijiji ndicho hicho, akaangua kilio. Majira ya baridi ya kwanza Waosage, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, waliokuwa wakitoka mawindoni waliwagawia walowezi nyama, wema usiopaswa kusahaulika. Makanisa, shule na maduka vikasimama. Mwaka 1888 reli ilipita kando ya kijiji bila kukifikia, na wafanyabiashara wakahamia mji jirani wa Bogue. Wazao wa waasisi hurudi kila kiangazi kusherehekea ukombozi kutoka utumwani.