Ladha ya Mkoa Hutengenezwa

Anayepanga mezani kwake vikombe vitatu, kimoja cha kahawa ya Kilimanjaro, cha pili cha Kirinyaga nchini Kenya na cha tatu cha Huye kusini mwa Rwanda, huwa ameshaambiwa na maandishi ya pakiti atakachokikuta ndani. Ataambiwa habari za udongo wa volkano, mvua, na mita kadhaa juu ya usawa wa bahari, kana kwamba mlima wenyewe ndio uliopika kahawa. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaacha nje nusu ya habari, na pengine nusu iliyo kubwa. Tofauti nyingi tunazozionja kati ya mkoa na mkoa zimetokana na uamuzi wa watu: nani aliruhusiwa kupanda, mbegu ilitoka wapi, kahawa ilimenywa na nani, na mkulima alilipwa kwa ubora au kwa kilo. Kuonja kahawa za mikoa mbalimbali ni kuonja historia ya uamuzi huo.

Milima ya Kilimanjaro na Kenya ndiyo mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu maumbile yake yanakaribiana. Yote miwili ni ya volkano, na kahawa ya arabika hustawi kwenye miteremko yake. Hata mbegu zina udugu. Wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa na misheni Bagamoyo tangu 1868, walipanda kahawa Kilema, Kilimanjaro, mwishoni mwa karne ya 19, wakitumia mbegu ya Bourbon yenye asili ya kisiwa cha Réunion. Wenzao wa shirika hilohilo waliipeleka Bura katika nchi ya Taita, na baadaye misheni ya St. Austin's karibu na Nairobi. Kisha mwaka 1931 A. D. Trench, ofisa wa kahawa wa maabara ya Scott nchini Kenya, alizuru Tanganyika na kuona huko Monduli mibuni iliyostahimili ukame. Kutokana na mibuni hiyo ilichaguliwa SL28, aina ambayo mpaka leo waonjaji huitaja kwanza wanaposifu uchachu mkali wenye utamu wa matunda wa kahawa ya Kenya. Sifa inayohesabiwa kuwa ya Kenya kabisa ina mzazi Mtanganyika.

Kama udongo ni ndugu na mbegu ni ndugu, mbona vikombe havifanani? Sehemu kubwa ya jibu imo katika siasa za ukoloni. Huko Kenya masetla walishikilia kwamba Mwafrika akipanda arabika ataeneza magonjwa ya mibuni na kuharibu jina la zao sokoni, na serikali iliwasikiliza. Waafrika walizuiwa mpaka miaka ya 1930, walipoanza kuruhusiwa kwa majaribio Meru, Embu na Kisii, na mlango ulifunguka hasa baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954. Walipoingia, waliingia wakiwa ndani ya vyama vya ushirika vyenye viwanda vya kumenyea. Mkulima hupeleka matunda mekundu siku ileile aliyoyachuma. Kiwandani huchambuliwa, humenywa, huachwa yachachuke, huoshwa, mara nyingi hulowekwa tena katika maji safi, kisha huanikwa juu ya vichanja. Kazi yote iko chini ya usimamizi mmoja.

Kilimanjaro mambo yalikwenda kinyume. Masetla wa huko nao walipinga, lakini Wachagga walikuwa wameshapanda, na mwaka 1925 waliunda chama chao, KNPA, wakiungwa mkono na ofisa wa Kiingereza, Charles Dundas. Mwaka 1933 nafasi ya KNPA ilichukuliwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichouza kahawa ya wakulima kwa pamoja. Kuuza kulikuwa kwa pamoja, ila kumenya kulibaki nyumbani. Katika kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchagga, chini ya migomba, kuna mashine ndogo ya mkono: mmoja anazungusha mpini, mwingine anamimina matunda na maji, ganda jekundu linatoka upande huu na mbegu zenye utelezi upande ule. Mbegu huachwa kwenye ndoo au pipa zichachuke, muda ukitegemea baridi ya siku hizo na nafasi ya mwenye nyumba, kisha huoshwa na kuanikwa. Nyumba moja huosha kwa wakati, nyingine huchelewa kwa kuwa kuna msiba kijijini au maji yamepungua kwenye mfongo, mfereji wa kijiji. Chamani kahawa ya nyumba hizo zote humiminwa pamoja. Ule upole wa kahawa ya Kilimanjaro, ambao wengi huusifu kama tabia ya mlima, kwa kiasi fulani ni wastani wa mamia ya ndoo.

Atakayepinga atasema kwamba mbinu za kazi hufuata mazingira, kwa hiyo mwisho wa yote ardhi ndiyo inayoamua. Rwanda inamjibu vizuri. Wabelgiji waliwalazimisha Wanyarwanda kupanda kahawa katika miaka ya 1930, na kwa miongo mingi nchi hiyo ya vilima virefu, yenye mibuni mingi ya ukoo wa Bourbon, iliuza kahawa ya kawaida tu iliyopotelea katika michanganyiko ya makampuni makubwa. Mpaka mwaka 2000 ilikuwa na vituo viwili tu vya kuoshea kahawa. Mwaka uliofuata ushirika wa Abahuzamugambi wa Maraba, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Huye, ulianza kuosha kahawa katika kituo chake, na vituo vingine vikafuata kwa mamia. Mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuandaa mashindano ya kimataifa ya Cup of Excellence. Udongo haukubadilika katika miaka hiyo, wala vilima havikuongezeka urefu. Kilichobadilika ni kwamba tunda lilifika kwenye maji safi mapema, na mkulima akapata sababu ya kuchuma lililoiva.

Tanzania inatoa ushahidi uleule kwa upande wa hasara. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, vikaja kurudishwa katika miaka ya 1980. Mwaka 1994 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, nao wakapita vijijini na fedha taslimu wakishindania wingi. Mkulima aliyeosha vizuri na aliyeosha ovyo walipokea bei ileile, na anayelipwa hivyo hana haja ya kukesha na ndoo. Ubora ulishuka huku mlima ukiwa palepale.

Hata hivyo maumbile yana mpaka usiovukika kwa juhudi. Bukoba ni mfano. Wahaya walikuwa na robusta yao muda mrefu kabla ya mmisionari yeyote, na hakuna uoshaji utakaoigeuza kuwa arabika: ina kafeini nyingi zaidi, uchungu zaidi na uchachu mdogo. Lakini hapohapo Bukoba inaonyesha kwamba neno "bora" nalo limetengenezwa. Wahaya hawakuikaanga robusta yao wala kuisaga. Walichemsha matunda pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakayakausha, wakayatafuna na kumkaribisha nayo mgeni. Waliochanjiana undugu waligawana mbegu mbili za tunda moja zikiwa zimepakwa damu yao, na watawala walidhibiti upandaji wake. Kwa kipimo hicho kahawa ya Bukoba ilikuwa na daraja la juu kabisa. Ilishuka daraja pale mizani ya kupimia ilipohamia katika masoko ya Ulaya.

Majina ya mikoa nayo hayakuangushwa na mvua. Mokha ya Yemen ilivuma duniani kwa kahawa, na bandarini pale haukuota hata mbuni mmoja; mzigo ulishuka kutoka milimani. Nchini Japani, kanuni za wafanyabiashara wa kahawa huruhusu arabika yoyote ya Tanzania kuitwa Kilimanjaro, isipokuwa ile ya Bukoba. Kwa hiyo kahawa ya Mbinga, iliyolimwa na Wamatengo karibu na Ziwa Nyasa, inaweza kunywewa Tokyo kwa jina la mlima ulio upande wa pili wa nchi.

Kuna pia wanaosema kwamba kulinganisha vikombe ni anasa ya kuiga, kwa kuwa watu wa pwani wana kahawa yao tayari: chungu, ya moto, imetoka kwenye dele, na pembeni kuna kashata. Kahawa hiyo haihitaji kutetewa. Hukaangwa mpaka iwe nyeusi na mara nyingi hutiwa tangawizi kwa sababu kazi yake ni kukalisha watu barazani, na kwa kazi hiyo tofauti ya mkoa na mkoa haina uzito. Anayetaka kuijua tofauti hiyo akaange kwa muda mfupi zaidi, asage sawasawa, atumie maji na vipimo vilevile kwa kila kikombe. Gharama yake ni ndogo, na kwa Mtanzania au Mkenya ina maana ya pekee, kwani kwa miaka mingi kuonja kulikuwa kazi ya wataalamu wa mnada wa Moshi na Nairobi na ya wanunuzi wa ng'ambo, mkulima akibaki na kilo zake.

Mwonjaji wa nyumbani basi asitosheke na jina la mkoa. Aulize aina ya mbuni, aulize kama kahawa ilimenywa kihambani au kituoni, na aulize kama aliyeichuma alilipwa zaidi kwa kuchagua matunda mekundu. Akikosa majibu, kilichoandikwa kwenye pakiti ni jina la biashara tu. Akiyapata, ataelewa pia kwamba kahawa duni ya leo haijahukumiwa na ardhi yake, na kwamba nzuri ya leo itaharibika bei ikiacha kutofautisha kazi njema na mbaya.