Kamba, Moto, Usingizi

“Alikula saa ngapi?” Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa na daktari wa mifugo siku nilipompeleka paka wangu kutolewa kizazi. Nikamjibu kwa fahari kwamba kaamka na dagaa wake kama kawaida, maana sikutaka akutwe na kisu huku ana njaa. Daktari akaweka kalamu chini. “Basi mrudishe, kaka. Mlete kesho, tumbo tupu.”

Njiani, kikapu kikiwa mapajani, nikajiuliza: mbona waliohasi ng'ombe tangu enzi na enzi hawakujali sana swali hilo?

Kwenye boma la Kimaasai, dume lisilotakiwa kuzalisha huangushwa kwa kamba. Huyu anakamata pembe, yule mguu, mwingine anakalia shingo. Kisu hufanya kazi yake, au siku hizi budizo, koleo lililobuniwa Italia mwanzoni mwa karne ya 20, ambalo hubana mishipa ya mbegu bila kupasua ngozi. Muda si mrefu maksai anasimama na kurudi kwa wenzake. Hapa maandalizi yote ni mikono ya watu. Tumbo halina shida kubwa, kwani mnyama aliye macho hulinda koo lake mwenyewe.

Wafugaji wa ngamia, Waarabu na Wasomali, wana njia nyingine ya kumtibu mnyama: chuma cha moto. Waarabu husema dawa ya mwisho ni kuchoma, na ngamia wengi hubeba makovu ya tiba hiyo maisha yao yote. Wala haikuwa kazi ya kubahatisha tu. Cairo ya karne ya 14 ilikuwa na matabibu wa farasi waliosomea fani yao, na mmoja wao, Abu Bakr ibn Badr, alimwandikia Sultani al-Nasir Muhammad kitabu kizima cha maradhi ya farasi na tiba zake.

Kamba na moto vinatofautiana kwa mengi, ila vinakutana hapa: mnyama anasikia kila kitu, na mwenye mnyama yupo. Amekishika kichwa, anaona jicho likigeuka. Maumivu ya mnyama yanapita mikononi mwake.

Kliniki ilileta usingizi. Baada ya etha kuonyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, haikuchukua muda nusukaputi ikawafikia na wanyama. Kamba ikawekwa kando, lakini usingizi nao una masharti yake. Koo hulegea, chakula kikirudi kutoka tumboni huweza kuingia mapafuni, na mgonjwa akafa kwa dagaa badala ya kisu. Ndiyo maana mbwa na paka mzima hunyimwa chakula usiku wa kuamkia upasuaji. Sungura hanyimwi hivyo, kwa kuwa hawezi kutapika, na utumbo wake ukikaa bure huleta balaa jingine. Mwili nao hupoa usingizini, hivyo mgonjwa anayerudi nyumbani huhitaji joto, giza kidogo na mahali pa chini asipoweza kuanguka.

Kwa hiyo kliniki haikumpunguzia mfugaji kazi. Iliihamisha tu. Zamani alihitajika wakati wa kukata. Sasa anahitajika usiku wa kabla, na siku 10 hadi 14 za baada, mpaka mshono ukauke. Hapo ndipo wengi wetu wa mjini tunapozidiwa na mchungaji. Yeye humtazama maksai wake kila asubuhi: anatembeaje, nzi wametua wapi, amejitenga na kundi? Sisi tunalipa na kuhesabu kwamba yamekwisha. Tunaivua kola ya plastiki kwa huruma, paka analamba nyuzi zote. Au tunampa paracetamol ya watoto, bila kujua kwamba ini la paka haliiwezi, na hata kidonge kimoja chaweza kumuua.

Daktari alimjua paka wangu kwa saa moja. Mimi ndiye nijuaye kwamba hulalia ubavu wa kushoto, na kwamba akijificha chini ya kabati kuna jambo.

Usiku ule wa kuamkia upasuaji alilia mlangoni mwa jiko hadi alfajiri. Nilikaa naye sakafuni, bakuli tupu kati yetu. Kamba sikuwa nayo, lakini kumshika nilikuwa nimeshaanza.