Kutumwa na Kujipeleka: Mafunzo ya Watumishi wa Jamii tangu Kabete

Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, nje kidogo ya Nairobi, mwaka 1925, na wanafunzi wake walifika na wake zao na watoto. Kila familia ilipewa nyumba yake ndogo, na nyumba hizo zilipangwa kama kijiji. Mume alikuwa tayari mwalimu mzoefu. Alikuja kujifunza namna ya kuzungukia shule za vijijini, kuwanoa walimu wenzake na kufundisha watu wazima kilimo bora na usafi wa mazingira. Mke alifundishwa malezi, mapishi na ushoni ili akirudi naye awafundishe wanawake wa kwao. Kazi ambayo leo huitwa maendeleo ya jamii, katika Kenya na Tanzania, ina mzizi wake mmoja hapo.

Jina la shule lilitoka mbali. Anna Jeanes alikuwa bibi tajiri wa Philadelphia, muumini wa madhehebu ya Quaker, aliyeacha fedha kwa ajili ya shule za vijijini za Wamarekani weusi wa majimbo ya Kusini. Mwalimu wa kwanza kulipwa kwa fedha hizo, mwaka 1908, alikuwa Virginia Randolph wa wilaya ya Henrico, Virginia. Alitoka shule hadi shule akifundisha usafi, bustani na kazi za mikono, na kuwavuta wazazi washike zana pamoja na watoto wao. Mwaka 1924 tume ya elimu ya Phelps-Stokes, kutoka Marekani, ilizuru Afrika Mashariki, James Aggrey wa Gold Coast akiwa mmoja wa wajumbe wake, ikapendekeza mtindo huo uletwe huku. Shirika la Carnegie likatoa fedha, na James Dougall akawa mkuu wa kwanza wa Kabete.

Hakuna aliyejipeleka Kabete. Misheni ndizo zilizochagua walimu wa kutuma, na aliyetumwa alijua anarudi kwa waliomtuma. Kanuni hiyo ilikuwa na nguvu yake, kwani mtu alisomea kazi kwa ajili ya mahali panapojulikana na kwa watu anaowajua kwa majina. Ilikuwa na dhuluma yake pia. Mke alipata nafasi kwa sababu mumewe kachaguliwa, na kazi aliyoifanya kijijini baadaye haikumpatia cheo cha kwake mwenyewe. Sehemu kubwa ya huduma ya jamii ya miaka ile ilibebwa na wanawake ambao kumbukumbu hazikuwaandika kwa majina yao.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Kabete ilipokea askari waliorudi kutoka vitani, kisha ikaendesha kozi fupi za uraia na maendeleo. Chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1952, kilipata viongozi wake wa vikundi kutoka katika mafunzo ya namna hiyo. Miaka ile ilikuwa ya Hali ya Hatari. Serikali ya kikoloni ilitaka vikundi hivyo viwavute wanawake wasiunge mkono Mau Mau, kwa hiyo mkufunzi wa ushoni alitazamwa na wengi kama mkono wa serikali. Mwaka 1961 shule yenyewe iligeuzwa kuwa chuo cha kufundishia maofisa wa utawala, na leo sehemu hiyo ni Chuo cha Serikali cha Kenya.

Upande wa Tanganyika, mtumishi huyu alipata jina ambalo wazee bado wanalitumia: bwana maendeleo, na mwenzake bibi maendeleo. Chuo cha Tengeru, karibu na Arusha, kilianzishwa mwaka 1963 ili kuwafundisha. Vingine vilikuja kusimama Buhare huko Musoma, Rungemba wilayani Mufindi na Misungwi katika Mkoa wa Mwanza. Kazi iliyowangoja haikuwa na mwisho: kuhamasisha watu wajenge shule na zahanati kwa nguvu zao, kusimamia uchimbaji wa visima, kuendesha madarasa ya kisomo. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba watu wazima wawili kati ya kila watatu, kwa makadirio, hawakujua kusoma wala kuandika. Bwana maendeleo asiyeweza kuongea na mzee asiye na kitabu mkononi hakuwa na kazi.

Jaribio kubwa zaidi lilianza mwaka 1975, nalo ni Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Mwalimu Nyerere alivutiwa na vyuo vya wananchi vya Skandinavia, ambavyo vilitokana na mawazo ya kasisi wa Denmark, N.F.S. Grundtvig. Cha kwanza kilifunguliwa Rødding mwaka 1844, na Sweden ikafuata mwaka 1868. Katika vyuo hivyo mkulima mtu mzima aliingia bila mtihani, akaishi chuoni, akajifunza ufundi, historia na uraia, kisha akatoka bila shahada. Sweden ilitoa fedha na kuwafundisha wakufunzi wa Kitanzania, wengine huko Linköping. Majengo mengi yalikuwa ya vituo vya mafunzo vijijini vilivyokuwapo tangu zamani. Ndani ya miaka michache karibu kila wilaya ilikuwa na chuo au ilipakana na wilaya yenye chuo, na idadi yao ikavuka 50.

Utaratibu wa kuingia ndio unaostahili kutazamwa kwa makini. Serikali ya kijiji ilimchagua mtu mzima anayejua kusoma, ikamtuma kwa kozi ambayo kijiji kinaihitaji: useremala, uashi, hesabu za duka la ushirika, ushoni, ulezi wa watoto wadogo. Gharama hazikuwa zake, na elimu aliyorudi nayo kijiji kiliihesabu kuwa mali ya wote. Hapakuwa na cheti cha kumfungulia mlango wa ajira mjini, na kukosekana huko kulikusudiwa.

Mpango huo ulianza kupinda mapema. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya wote, kuanzia 1977, shule zilitoa wahitimu wengi wa darasa la saba ambao sekondari haikuwa na nafasi kwao. Vijana hao waligeukia vyuo vya wananchi. Walitaka kufanya majaribio ya ufundi na kupata cheti kinachotambulika, wala si kurudi kijijini wakiwa na ujuzi tu. Wakuu wa vyuo waliandika kozi upya kuwafuata. Ni vigumu kuwalaumu vijana hao. Kijana wa miaka 16 hakuwa na duka la ushirika la kusimamia wala kijiji kilichomtuma, na vijiji vyenyewe katika miaka ya 1980 vilikuwa na njaa ya fedha. Hata hivyo kitu cha thamani kilipotea, maana fundi aliyesomeshwa na watu wake alikuwa na sababu ya kubaki kwao. Mwaka 1990 vyuo vilihamishiwa wizara ya maendeleo ya jamii, na miaka mingi baadaye vyuo 54 vikarudishwa wizara ya elimu, sasa vikifundisha kwa kiasi kikubwa kozi za ufundi stadi.

Wakati huohuo njia ya pili, ya darasani, ilikuwa ikipanuka. Sheria ya mwaka 1973 ilianzisha chuo cha taifa cha ustawi wa jamii jijini Dar es Salaam, ambacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama. Hapa mwanafunzi alisomea mashauri ya familia, watoto walio katika mkinzano na sheria, wazee na walemavu, na aliingia kwa matokeo ya mtihani. Baraza la taifa la elimu ya ufundi, lililoanzishwa mwaka 1997, liliviweka vyuo vya namna hii katika ngazi moja ya tuzo, kutoka cheti cha awali hadi stashahada na kuendelea. Leo kijana wa kidato cha nne mwenye ufaulu wa masomo manne anaweza kujaza maombi yeye mwenyewe, akachagua Tengeru au Kijitonyama, akaenda fildi katika ofisi ya kata na kurudi kuandika ripoti. Uchaguzi umekuwa wake. Ajira haiko mikononi mwake, na wahitimu wengi husubiri kwa miaka tangazo la nafasi za halmashauri.

Pengo kati ya njia hizi mbili lilionekana wazi katika miaka ya ukimwi. Watoto yatima walikuwa wengi na maofisa ustawi wachache, wilaya nyingine zikiwa hazina hata mmoja. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 Taasisi ya Ustawi wa Jamii, pamoja na washirika kutoka Marekani, iliwafundisha watu wa kujitolea wa vijijini kuwa wasaidizi wa ustawi wa jamii. Walipata siku chache darasani, kisha miezi ya kazi chini ya usimamizi. Walijua nyumba ipi ina bibi anayelea wajukuu watano peke yake.

Mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii yalipitia mabadiliko ya namna hiyohiyo. Kozi ya mwaka mmoja, iliyoanza katikati ya miaka ya 2010, ilipokea vijana waliojiombea vyuoni, na wengi wao walihitimu bila kuajiriwa. Mpango mpya uliozinduliwa Januari 2024 umerudisha uteuzi kwa wananchi. Unakusudia kupata wahudumu 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa. Mwombaji hujitokeza kwa hiari, lakini jina lake hupita mbele ya majirani zake, na mafunzo ni ya miezi 6. Akiyamaliza, hurudi katika kitongoji kilekile kilichomchagua, akifanya kazi chini ya zahanati iliyo jirani.