Homoni za Ukomohedhi Zinazofanana na za Mwili

Homoni zinazofanana na za mwili ni dawa ambazo molekuli yake haina tofauti na ile inayotengenezwa na ovari za mwanamke. Katika tiba ya ukomohedhi kubwa ni mbili: estradioli, ambayo ndiyo estrojeni kuu kabla hedhi haijakoma, na projesteroni. Hutolewa pale ovari zinapoacha kazi, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, ili kupunguza joto la ghafla, jasho la usiku, usingizi wa mang'amung'amu, ukavu ukeni na kudhoofika kwa mifupa.

Kufanana huko hakumaanishi kwamba zimetoka kwa binadamu. Hutengenezwa kiwandani kwa kugeuza kemikali za mimea, hasa soya na viazi vikuu vya porini. Mmarekani Russell Marker, mkemia, alivifuata viazi hivyo Veracruz huko Meksiko, akapata ndani yake kemikali iitwayo diosjenini na kuigeuza kuwa projesteroni. Mwaka 1944 alishiriki kuanzisha kampuni ya Syntex jijini Mexico City, na bei ya projesteroni, iliyokuwa ghali kupindukia, ikaporomoka. Mwili wenyewe hauwezi kufanya mageuzi hayo. Mtu akila viazi vikuu mwaka mzima, au akijipaka krimu ya viazi mwitu iliyosifiwa kuwa dawa ya asili, hapati projesteroni hata chembe. Premarin, iliyoingia soko la Marekani mwaka 1942, ilitokana na mkojo wa farasi majike wenye mimba. Huwezi kupata asili kuliko hiyo, lakini haimo katika kundi hili, kwa sababu ina estrojeni za farasi ambazo mwanamke hana kabisa.

Njia ambayo estradioli inaingilia mwilini ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kidonge kikimezwa hupita kwanza kwenye ini, nalo huchochewa kutoa kwa wingi protini zinazogandisha damu. Ndiyo sababu vidonge vya estrojeni, hata vya estradioli, huongeza hatari ya damu kuganda mishipani. Estradioli inayopita kwenye ngozi haianzii kwenye ini, na kwa dozi za kawaida haijaonekana kuongeza hatari hiyo. Kwa mwanamke mnene, mwenye kipandauso, au mwenye ndugu waliowahi kuganda damu, busara ni kuanza na ngozi.

Kibandiko hukaa chini ya kiuno, takoni au pajani juu, hubadilishwa mara 2 kwa wiki na hutoa maikrogramu 25 hadi 100 kwa siku. Jeli hupakwa kila siku kwenye mkono wa juu au paja, ikaachwa ikauke dakika chache kabla ya kuvaa. Haipakwi matitini. Baada ya kupaka mikono huoshwa, na ngozi iliyopakwa hufunikwa, maana jeli mbichi huweza kumhamia mtoto anayebebwa. Anayetokwa na jasho jingi kibandiko huweza kumbanduka, na hapo jeli humfaa zaidi.

Estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa ndani wa kizazi, na tafiti za Marekani zilizotoka mwaka 1975 ziliihusisha na saratani ya hapo. Kwa hiyo mwenye kizazi huongezewa projesteroni ili kuukinga ukuta huo; aliyetolewa kizazi kwa kawaida haihitaji. Projesteroni ilichelewa kuwa dawa ya kumeza kwa kuwa tumbo huifyonza kwa shida, hadi iliposagwa chembe ndogo mno na kutiwa katika mafuta ndani ya kapsuli, iliyoanza kuuzwa Ufaransa mwaka 1980. Ambaye hedhi yake bado inayumba humeza miligramu 200 kwa siku 12 hadi 14 kila mwezi, kisha hutokwa na damu. Aliyepitisha mwaka bila hedhi humeza miligramu 100 kila siku. Humezwa usiku kwa sababu inaleta usingizi, na kwa aliyezoea kukesha hiyo ni nafuu ya ziada. Baadhi ya kapsuli zina mafuta ya karanga, jambo la kuulizia kwa mwenye mzio.

Homoni hizi zilipata umaarufu hasa baada ya utafiti wa WHI nchini Marekani. Wanawake 16,608, wenye wastani wa miaka 63, waligawanywa kati ya kidonge kisicho na dawa na Premarin iliyochanganywa na medroksiprojesteroni. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa Julai 2002 baada ya saratani ya matiti kuongezeka miongoni mwa waliotumia dawa. Medroksiprojesteroni ndiyo iliyomo kwenye depo, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3 inayofahamika sana Afrika Mashariki. Ni homoni bandia, si projesteroni yenyewe. Utafiti wa E3N wa Ufaransa haukuona ongezeko la namna hiyo kwa waliotumia estrojeni na projesteroni, ila uliliona kwa waliotumia homoni bandia. Lakini E3N ilifuatilia tu wanawake waliokwisha kuchagua dawa zao, kwa hiyo anayedai kwamba projesteroni haina hatari yoyote amevuka ushahidi.

Hadhari kubwa zaidi iwe kwa famasia zinazomchanganyia kila mteja homoni zake baada ya kupima mate. Molekuli huweza kuwa ileile, ila dozi hakuna mamlaka iliyoihakiki. Mwaka 2020 Akademia za Kitaifa za Marekani zilishauri matumizi hayo yawekewe mipaka.

Kwa ukavu ukeni pekee, kidonge cha estradioli cha maikrogramu 10 au krimu ya estrioli, estrojeni nyingine ya mwili, hutiwa ukeni. Kinachoingia damuni ni kidogo mno, hivyo projesteroni haihitajiki. Tiba ya mwili mzima hufaa zaidi ikianza kabla ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, na kwa kawaida haipewi mwenye saratani ya matiti, ugonjwa mkali wa ini, au damu ya ukeni ambayo chanzo chake hakijajulikana. Tena haizuii mimba: ambaye hedhi ya mwisho aliipata kabla ya kutimiza miaka 50 hushauriwa kuendelea na uzazi wa mpango kwa miaka 2, na aliyevuka umri huo kwa mwaka 1.