Ukoo wa Antioquia na Siri ya Alzheimer

Katika milima ya Antioquia, kaskazini-magharibi mwa Kolombia, vijiji viliujua tangu zamani ugonjwa ulioitwa la bobera, yaani uzuzu. Uliwapata watu wangali na nguvu zao, umri wa miaka arobaini na kitu. Walianza kwa kurudia maswali yaleyale, wakapotea njia walizozizoea, mwisho hawakuwatambua hata watoto waliowazaa. Wapo waliosema ni laana ya padri aliyeibiwa sadaka kanisani. Wengine wakaulaumu mti ambao kuugusa tu kulitosha kumdhuru mtu. Waliotaja laana walikosea chanzo, lakini jambo moja waliliona sawasawa: balaa hili lilifuata damu.

Katika miaka ya 1980 daktari kijana wa magonjwa ya ubongo mjini Medellín, Francisco Lopera, alimpokea mgonjwa wa makamo kutoka Belmira, ambaye jamaa zake kadhaa walikuwa wameugua vivyo hivyo. Lopera na wenzake wa Chuo Kikuu cha Antioquia wakaanza kwenda vijijini kuandika nasaba, huku nchi ikiwa katika vita vya waasi, wanamgambo na wauza dawa za kulevya. Msaada mkubwa waliupata katika daftari za parokia za ubatizo, ndoa na mazishi. Familia zilizodhaniwa hazihusiani zikaonekana kuwa matawi ya ukoo mmoja, wenye watu wapatao 6,000. Uchunguzi wa jeni ulionyesha baadaye kwamba hitilafu yao ilitoka kwa mhenga mmoja wa asili ya Ulaya, katika karne za utawala wa Hispania.

Hitilafu yenyewe ilitambuliwa mwaka 1995. Iko kwenye jeni ya presenilini 1, katika kromosomu ya 14: mahali pa 280 kwenye protini, asidi ya glutamiki imebadilishwa na alanini. Basi, badiliko dogo kiasi hicho. Presenilini ni sehemu ya kimeng'enya kinachokata protini nyingine kama mkasi, na mkasi ukikata vibaya hubaki vipande virefu vya amiloidi vinavyonata na kurundikana nje ya seli za ubongo. Ndani ya seli, protini ya tau nayo hujisokota. Marundo na misokoto hiyo ndiyo aliyoieleza Alois Alzheimer mwaka 1906 huko Ujerumani, bila kujua chanzo chake. Mzazi mwenye hitilafu humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, na aliyeirithi kwa kawaida hupatwa na shida ya akili akikaribia miaka 50.

Hata hivyo, ukoo wa Antioquia si kielelezo cha wagonjwa wote. Alzheimer ya kurithiwa namna hii haifiki asilimia moja ya wagonjwa duniani. Kwa walio wengi, jeni ya APOE ya aina ya e4, iliyohusishwa na ugonjwa mwaka 1993, huongeza hatari tu. Wapo wanaoibeba hadi uzeeni bila kuugua.

Ni APOE hiyohiyo iliyoleta habari ya kushangaza zaidi. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba mwanamke mmoja wa ukoo huo, mwenye hitilafu ya presenilini, alivuka miaka 70 kabla akili yake haijayumba sana. Ubongo wake ulijaa amiloidi, lakini tau ilikuwa kidogo. Alikuwa na nakala mbili za aina adimu ya APOE iitwayo Christchurch. Mwaka 2024 utafiti wa jamaa zake 27 wenye nakala moja ulionyesha kwamba waliugua wakiwa wamechelewa kwa takriban miaka mitano.

Dawa haijafanya vizuri kama jeni. Crenezumab, iliyokusudiwa kuondoa amiloidi, ilijaribiwa katika utafiti wa wanaukoo 252 ambao hawakuwa wameugua, na matokeo ya mwaka 2022 hayakuonyesha nafuu ya kuaminika. Lopera alifariki Septemba 2024. Watu wa Antioquia wametoa damu, miaka yao, na wengi hata ubongo wao baada ya kufa. Hadi hapo, sayansi ilikuwa imefaidika na ukoo huo kuliko ukoo ulivyofaidika na sayansi.