Watu sita katika mashua moja (1916)

Tunapotaja safari kubwa za bahari, twataja jina la mkubwa wake tu. Twasema: Shackleton alivuka bahari ya kusini. Ni kweli, lakini si kweli yote. Wandugu, tuingie ndani ya mashua yake, tutazame ginsi watu walivyoishi humo. Ndipo tutajua nani alivuka.

Merikebu Endurance ya Ernest Shackleton ilishikwa na barafu karibu na Antaktika mwaka 1915, ikapondwa, ikazama mwezi wa kumi na moja. Watu wake 28 walikaa miezi mingi juu ya barafu, kisha wakafika kwa mashua tatu kwenye kisiwa Elephant, fasi isiyo na mtu. Msaada ulikuwa South Georgia, kwa wavuvi wa nyangumi, mbali kadiri ya kilometa 1.500. Ikabidi mashua moja iende.

Mashua hiyo, James Caird, ilikuwa na urefu wa meta 7 hivi, tena wazi upande wa juu. Harry McNish, fundi wa mbao, aliifunika kwa miti ya sleji, mifuniko ya masanduku na kitambaa cha matanga. Kitambaa kilikuwa kimeganda kwa baridi, hata ikapasa kukiyeyusha motoni kabla ya kukishona. Mianya aliiziba kwa rangi na damu ya sili, mnyama wa bahari ile. Ndani waliweka mawe, mashua isipinduke.

Tarehe 24 ya mwezi wa nne 1916 watu sita waliondoka: Shackleton, Worsley, Crean, McNish, McCarthy na Vincent. Watatu walikesha masaa manne: mmoja kwenye usukani, mmoja kwenye matanga, mmoja kutupa maji nje. Watatu wengine walitambaa chini ya kitambaa, wakalala juu ya mawe katika mifuko ya ngozi iliyolowa. Manyoya ya ngozi yaling'oka, yakaingia hata katika chakula. Crean alipika kwa jiko dogo la petroli lililobanwa kwa miguu, mashua isilimwage. Chakula cha moto hakikukosa saa yake. Shackleton akiona mmoja anatetemeka kupita wengine, aliamuru maziwa ya moto kwa wote, ili yule mmoja asijione dhaifu.

Kisha maji yakaganda juu ya mashua, ikaanza kuzama kwa uzito. Wakapanda kwa zamu, wakitambaa, kuvunja barafu kwa shoka. Wakatupa hata mifuko miwili ya kulalia. Worsley aliweza kupima jua mara nne tu katika safari nzima. Usiku wa tarehe 5 ya mwezi wa tano likaja wimbi ambalo Shackleton alilidhania kuwa mbingu inatakata. Mashua ikajaa, kila mtu akashika chombo alichokipata, wakateka maji mpaka ikaelea tena. Tarehe 10 walishuka South Georgia, lakini upande usio na watu. Shackleton, Worsley na Crean wakavuka milima kwa miguu, masaa 36. Tarehe 30 ya mwezi wa nane, merikebu Yelcho ya Chile iliwachukua watu 22 waliobaki Elephant, wote hai.

Lakini iko deni moja. McNish alikuwa amekataa amri siku moja juu ya barafu, mwishoni mwa 1915, na Shackleton hakumsahau. Medali zilipogawanywa, McNish na Vincent hawakupewa. McNish alikufa maskini huko Wellington mwaka 1930.

Hatusemi kwamba kukataa amri kulikuwa jambo dogo. Juu ya barafu ile, utii ulikuwa uzima wa wote. Lakini mkubwa yule aliyejua kuwapa wote maziwa kwa ajili ya mmoja, hakujua kumpa mmoja sifa iliyomstahili. Kosa la fundi lilikuwa la siku moja, na kazi yake ilibeba watu sita siku 16. Anayeandika historia hana budi kuandika yote mawili.