Kifafa cha Mimba: Mkojo, Presha na Damu

Kwa karne nyingi kifafa cha mimba kilijulikana kwa dalili moja tu: mjamzito kushikwa na degedege. Maandishi ya matabibu wa Ugiriki ya kale yanaitaja hali hiyo. Katika karne ya 17, François Mauriceau, tabibu wa uzazi wa Paris, aliona kuwa hatari ni kubwa zaidi katika mimba ya kwanza. Mwaka 1739 Mfaransa mwingine, Boissier de Sauvages, aliutenganisha ugonjwa huu na kifafa cha kawaida. Tiba, hata hivyo, haikubadilika: mgonjwa aliendelea kukatwa mshipa ili damu imtoke.

Mabadiliko yalianzia kwenye mkojo. Mwaka 1843 John Lever wa hospitali ya Guy's, London, aliupima mkojo wa wagonjwa wake kwa kuuchemsha. Mkojo wa mtu mwenye afya kwa kawaida hubaki angavu. Wa wanawake hawa uliganda ukawa mweupe kama ute wa yai, kwa sababu ulikuwa na protini iliyovuja kupitia figo. Mwaka huohuo James Young Simpson wa Edinburgh naye aliliona jambo hilo. Kwa muda mrefu lawama zote zikaelekezwa kwenye figo.

Presha ilipata kipimo chepesi mwaka 1896, pale Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alipounganisha mpira wa kufunga mkononi na mrija wa zebaki. Mwaka uliofuata Vaquez na Nobécourt wa Paris walionyesha kuwa presha hupanda katika kifafa cha mimba. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov aliongeza kusikiliza mapigo kwa stetoskopu, njia ambayo wauguzi wanaitumia hadi leo. Hapo ndipo hatari ilipoanza kutambulika kabla degedege halijafika.

Tiba ilifuata polepole. Stroganov, huko Urusi, alimlaza mgonjwa katika chumba chenye giza na kimya na kumpa mofini na dawa nyingine za usingizi. Katika miaka ya 1920 madaktari wa Marekani walianza kutumia sindano za magnesiamu salfeti, na kuanzia miaka ya 1950 Jack Pritchard wa Dallas aliziwekea utaratibu maalumu. Ubishi kuhusu ubora wa dawa hiyo ulimalizwa na majaribio makubwa: lile la mwaka 1995 lilionyesha kuwa dawa hiyo hufanikiwa zaidi kuzuia degedege lisirudi kuliko diazepamu na fenitoini, na lile la mwaka 2002, lililohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, lilionyesha kuwa hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu.

Kipimo cha tatu kilikuwa damu yenyewe. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, zilielezwa vizuri na Giulio Bizzozero wa Turin mwaka 1882, lakini njia ya uhakika ya kuzihesabu kwa hadubini ilipatikana mwaka 1950. Mwaka 1954 Pritchard na wenzake walieleza upungufu wake kwa wagonjwa mahututi. Mwaka 1982 Louis Weinstein alikusanya visa 29 vya akina mama waliokuwa na mambo matatu kwa pamoja: chembe nyekundu kupasuka, ini kuharibika na chembe sahani kupungua.

Mtoto alichunguzwa mwisho. Kuanzia miaka ya 1970 ilibainika kuwa baadhi ya watoto wa akina mama hawa huzaliwa na chembe sahani chini ya 150,000 kwa kila mikrolita ya damu, hasa wanaozaliwa njiti au wadogo kuliko umri wa mimba. Maelezo yanayokubalika ni kwamba kondo la nyuma lisilopata damu ya kutosha humnyima mtoto oksijeni, na uboho wake hutengeneza chembe chache. Kiwango hushuka zaidi siku chache baada ya kuzaliwa, kisha kwa kawaida hupanda chenyewe baada ya wiki moja hivi. Wengi hawavuji damu, ila hufuatiliwa kwa vipimo.

Kinachoumaliza ugonjwa huu hadi leo ni kujifungua, ingawa mama anaweza kushikwa na degedege hata siku kadhaa baadaye. Ndiyo maana presha na mkojo hupimwa katika kila hudhurio la kliniki. Mjamzito mwenye maumivu makali ya kichwa, maluweluwe machoni, au aliyevimba ghafla uso na mikono, asisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Aende hospitali siku hiyohiyo.